Muda wa Kupumzika

Bibi yangu mzaa mama ana macho ya rangi ya majivu. Nilipokuwa mdogo nilidhani macho ya watu wote huwa hivyo wakishazeeka, kama nywele zinavyokuwa mvi. Nilikuwa darasa la tano nilipomsikia mama mmoja gulioni akimnong'oneza mwenzake, "Yule ni mtoto wa Mjerumani." Bibi alikuwa amesikia. Akageuka, akajibu kwa Kichagga kwamba ndiyo, na bei ya ndizi bado ni ile ile.

Kwetu habari hiyo haikuwa siri, ila haikuwa na mtu wa kuisimulia. Baba yake bibi alikuwa mkulima wa kahawa magharibi ya Moshi. Mama yake bibi alikuwa mchumaji katika shamba lile. Bibi alizaliwa mwaka 1931. Septemba 1939, Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani, askari walikuja na gari kumchukua baba yake, kama walivyowachukua wanaume wengine wa Kijerumani nchi nzima. Bibi alikuwa na miaka minane. Anakumbuka harufu ya tumbaku, viatu vilivyofungwa kamba hadi karibu na goti, na kwamba alisema atarudi kabla kahawa ya mwisho haijachumwa. Basi. Hayo ndiyo yote aliyobaki nayo, pamoja na jina la ukoo ambalo vinywa vya familia yetu vililipunguza herufi, vikaliongezea irabu, likawa kama jina la mtu wa Rombo. Sitaliandika hapa. Huko upande wa pili kuna watu hai wanaolitumia, na wao hawakuniomba niwaandike.

Kuhusu alikozikwa tulikuwa na hadithi tatu. Mama alikua akiambiwa kwamba alifia Dar es Salaam na kaburi lake liko karibu na bahari. Mjomba anashikilia kuwa meli iliyomchukua ilizama. Mama mkubwa, ambaye hajawahi kukosa jibu, anasema yuko Moshi mjini kwenye makaburi ya Wazungu, ila jiwe limeibwa.

Kila Desemba, watu wakishapanda mlimani kwa ajili ya Krismasi, huwa tunapalilia makaburi kihambani. Bibi anakaa kwenye kigoda anaelekeza, na tukimaliza anawataja waliolala pale mmoja mmoja, halafu waliolala kwingine. Mama yake yuko kwa kaka zake, chini ya masale, kwa sababu hakuna aliyemlipia mahari. Mdogo wake yuko Arusha. Baba mkwe wake yuko pale pale nyuma ya zizi. Akifika kwa baba yake ananyamaza kidogo, kisha anaomba. Desemba ya mwaka 2021 alinyamaza zaidi ya kawaida, akaniangalia.

"Wewe si unajua mambo ya kompyuta?"

"Kidogo, bibi."

"Nitafutie baba yangu alipolazwa. Nimebakiza muda kidogo, nataka nikimtaja nijue naelekeza uso wapi."

Nilianzia Dar kwa sababu ndiko ninakofanya kazi. Yapo kweli makaburi ya Wajerumani upande wa Ocean Road, si mbali na hospitali waliyoijenga wao wenyewe mwaka 1897. Nilikwenda Jumamosi mbili. Mawe mengine yamepasuka, mengine yamepoteza nusu ya maandishi, lakini yanayosomeka yanasema kitu kimoja: *Hier ruht*. Hapa anapumzika. Fulani, miaka ishirini na sita. Fulani, miaka thelathini na moja. Malaria ilikuwa haina mchezo na watu hawa. Nikajikuta nawaonea huruma vijana wa umri wangu waliokuja kutawala nchi yangu wakafa kabla hata ya kuzoea joto lake, na hiyo huruma ikanikera. Wa kwetu hakuwepo.

Mwaka uliofuata nilipanda Old Moshi na bodaboda kutafuta daftari la ubatizo. Wamisionari wa Leipzig walikuwa huko tangu miaka ya 1890, na Bruno Gutmann alikaa hapo miaka mingi akiandika kuhusu mila za Wachagga kuliko Wachagga wenyewe walivyowahi kuandika. Daftari lilikuwa zito kama tofali. Jina la bibi lilikuwepo, mwaka 1931, kwa mwandiko wa kupinda-pinda ambao Wajerumani wa zamani waliutumia, na ambao hata Wajerumani wa leo wengi hawausomi. Jina la mama lilikuwepo. Kwenye safu ya baba palikuwa na mstari mmoja mfupi wa wino.

Mzee wa kanisa aliyenifungulia kabati aliniuliza natafuta nini hasa. Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akafunga daftari taratibu.

"Sisi hapa tunatafuta kichwa," alisema.

Nilijua anachosema. Hakuna mtoto wa Old Moshi asiyejua. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli kwenye mti ambao hadi leo watu hupelekwa kuuona, pamoja na viongozi wengine wa mlima. Inaaminika kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani, kwa sababu huko kulikuwa na wanasayansi waliokuwa wakikusanya mafuvu ya watu wa makoloni na kuyapima. Mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alitumia miaka na miaka akidai kirudishwe. Chini ya mti pana sanamu ya Mangi, na sanamu hiyo ina kichwa. Mifupa iliyozikwa haina.

"Ukigundua namna ya kuwaandikia barua wakajibu," mzee aliongeza, "utuambie na sisi."

Hakusema kwa ubaya. Alinisindikiza hadi kwenye pikipiki. Lakini njia nzima ya kushuka nilijisikia kama mtu aliyekwenda msibani kuulizia deni lake. Nilijitetea moyoni: baba yake bibi alizaliwa mwaka 1898, Meli aliponyongwa alikuwa mtoto wa miaka miwili akinyonya kidole huko kwao. Kweli. Ila ardhi aliyokuja kulima kahawa ilipatikanaje kuwa ya kuuzwa kwa Wazungu, kama si kwa kamba ile?

Huo mwaka wa kuzaliwa niliupata Hamburg, bila kufika Hamburg. Jiji lile liliweka orodha za abiria wa meli kuanzia 1850 hadi 1934, na sasa zinasomeka kwenye intaneti kwa kulipia. Binamu yangu na mimi tulichanga pesa ya mwezi mmoja. Wajerumani walifukuzwa Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza, mali zao zikauzwa kama mali za adui, na hawakuruhusiwa kurudi hadi mwaka 1925. Kwa hiyo tulianza kutafuta hapo kwenda mbele. Meli za kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki zilikuwa na majina ya kwetu: Usambara, Usaramo, Ussukuma. Unasoma orodha ya watu wanaoondoka Ulaya kwenye baridi wakiwa wamepanda Usukuma. Usiku wa nne, karibu saa saba, binamu akanipigia simu akiwa anapiga kelele.

Mwaka 1927. Jina lile, na herufi zake zote. Umri miaka 29. Kazi: mkulima. Anakotoka: mji mdogo wa Niedersachsen ambao sikuwahi kuusikia. Hali ya ndoa: ameoa.

Tulikaa kimya kwenye simu, kila mmoja akisoma neno lile.

Nimefikiria sana kuhusu mama yake bibi tangu usiku ule. Familia husema "walipendana", na sijui ni nani aliyewahi kumuuliza. Alikuwa msichana anayelipwa kwa debe la kahawa, na yeye alikuwa mwenye shamba, mwenye debe, na mwenye mizani. Huenda walipendana. Bibi anakumbuka kubebwa mabegani, na mtu habebi mabegani mtoto anayemwonea aibu. Lakini sitaki tena kulitumia neno hilo bila kwanza kulisimamisha mlangoni na kuliuliza maswali.

Kujua mji ndiyo ilikuwa ufunguo. Kama nawe unamtafuta Mjerumani wako (tuko wengi kuliko tunavyokiri, kuanzia Tanga mpaka Iringa), jambo hili litakusaidia. Vitabu vyao vya serikali havibaki siri milele: vizazi hufunguliwa baada ya miaka 110, ndoa baada ya 80, vifo baada ya 30, kisha vinahamia kwenye hifadhi ya nyaraka ya mji. Baada ya muda huo hakuna anayekuuliza wewe ni nani kwake. Mimi nisingeweza kuthibitisha chochote, ushahidi wangu wote ulikuwa mstari mfupi wa wino na macho ya bibi. Niliandika barua pepe kwa Kijerumani cha programu ya kutafsiri, nikaomba cheti cha kuzaliwa cha mwaka 1898. Na kitu kizuri cha Wajerumani ni kwamba pembeni mwa kizazi huandikwa yatakayofuata. Pembeni mwa kizazi chake mtu mmoja alikuwa ameandika ndoa, 1925. Chini yake, kwa mwandiko mwingine, kifo, 1961, mji ule ule.

1961. Mwaka tuliopata uhuru. Mama yangu alikuwa bado hajazaliwa, lakini bibi alikuwa na miaka thelathini na watoto wawili, akiishi kilomita chache kutoka kwenye nyumba ya mawe ya baba yake, ambayo ilikuwa imekwisha kuwa ghala. Hakuzama. Hakufia Dar. Faili moja la enzi za Mwingereza nililosoma kwenye Nyaraka za Taifa, Upanga, lilionyesha kwamba shamba liliwekwa chini ya Msimamizi wa Mali za Adui na mwenyewe akapelekwa kambi za wafungwa Afrika Kusini. Vita ilipokwisha alirudi kwa mke wake, akaishi miaka ipatayo kumi na tano, na katika miaka hiyo posta ilikuwa inafanya kazi. Niseme tu kwamba hapo ndipo nilipomkasirikia. Mpaka siku hiyo nilikuwa namtafuta kama mtu aliyepotea.

Cheti cha kifo hakisemi mtu kazikwa wapi. Rafiki yangu anayesoma Göttingen akaandika kwenye ofisi ya makaburi ya mji ule, na baada ya wiki tatu akanitumia jibu pamoja na tafsiri. Nilisoma tafsiri mara mbili nikidhani amekosea.

Kumbe Ujerumani kaburi hukodishwa. Kila eneo lina kanuni yake, lakini kwa kawaida ni kati ya miaka ishirini na thelathini. Kuna neno lake, *Ruhezeit*, muda wa kupumzika. Muda ukiisha, ndugu wanaweza kulipia upya. Wasipolipa, jiwe linaondolewa, udongo unasawazishwa, na baadaye mtu mwingine anazikwa pale. Mifupa iliyosalia haitupwi, huachwa humo au huteremshwa chini zaidi. Kaburi la baba yake bibi lilikuwa limelipiwa miaka thelathini. Mwaka 1991 hakuna aliyekuja kulipia tena.

Rafiki yangu alipanda treni Jumapili moja akaenda hadi pale, jambo ambalo sikumwomba. Picha aliyonitumia inaonyesha kaburi la mama mmoja asiyetuhusu, lina jiwe la kijivu lililong'arishwa, na maua ya njano yaliyomwagiliwa asubuhi hiyo.

Niliikumbuka Ocean Road. Wale vijana wa malaria hawana wa kuwalipia, na hawadaiwi. Zaidi ya miaka mia moja imepita na mawe yao bado yanasema *hier ruht* kwenye upepo wa bahari, juu ya ardhi ambayo haikuwa yao. Huyu aliyefanikiwa kurudi kwao, akazikwa na mke wake na mchungaji wake, amekosa hata mahali pa kuweka ua.

Mwezi ule ule habari zilikuwa zimejaa mambo ya mafuvu. Ilikuwa Septemba 2023. Makumbusho ya Berlin yalikuwa yamechunguza mafuvu yapatayo 1,100 kutoka Afrika Mashariki, na vipimo vya vinasaba vikaonyesha kwamba baadhi yake yana ndugu hai Kilimanjaro. Lile la Mangi Meli halikuwemo. Wiki chache baadaye Rais Steinmeier alikuja Songea akaomba radhi kwa yaliyofanywa na Wajerumani wakati wa Maji Maji. Niliangalia kwenye simu nikiwa kwenye daladala. Nikamfikiria mzee wa kanisa. Hawa watunza-mafuvu ndio hao hao wasioweza kumtunzia mtu wao kaburi kwa zaidi ya miaka thelathini. Vichwa vyetu vilikuwa na namba na kabati kwa zaidi ya karne, na havikudaiwa kodi.

Kikao cha familia kilifanyika kwenye kundi la WhatsApp, usiku, bibi akiwa amelala. Mama alitaka tumwambie hatujapata kitu. Mama mkubwa alitaka tujue kwanza kama huko kuna urithi. Mjomba, ambaye kwa kawaida ndiye mkali, alikuja na wazo ambalo bado naliona la upendo: tumlete bibi Dar, tumpeleke kwenye yale makaburi ya baharini, tumwonyeshe jiwe lililovunjika pale kwenye jina, tumwambie ndilo hili. Aweke maua, aombe, ajue anaelekeza uso wapi. Nani atakayeumia?

Nilikuwa nalijua jiwe lenyewe. Liko upande wa ukuta, limebaki na tarehe tu. Kwa siku kadhaa nilikuwa nimekubali. Nilikwisha hata kuangalia nauli ya basi lenye viti vya kulaza. Kilichonizuia hakikuwa uadilifu, niseme ukweli. Nilimwogopa bibi. Mtu aliyesikia mnong'ono wa gulioni angesikia na huu.

Desemba nilipanda nyumbani. Nilimkuta nyuma ya jiko anachambua maharage kwenye ungo.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mama. Umepata."

Hakuuliza. Nikakaa chini nikamwambia yote kwa mpangilio: meli, mji, mwaka wa kuzaliwa, kambi, mwaka wa kufa. Vidole vyake viliendelea kutoa mawe kwenye maharage.

"Alikuwa na mke?"

"Alikuwa naye, bibi."

"Tangu lini?"

"Tangu 1925. Kabla hajaja."

Akapepeta ungo mara mbili, makapi yakaruka. "Mama yangu alijua?"

"Sijui."

"Alijua," alisema. "Ndiyo maana hakumsema vibaya wala vizuri."

Nikafika kwenye kaburi. Nilijaribu kulieleza taratibu, ule muda wa kupumzika, ule mkataba. Nikamwonyesha picha ya maua ya njano. Aliishika simu mbali na uso, kama anavyoshika Biblia.

"Huyu mama ni nani?"

"Mtu mwingine tu. Amezikwa pale baadaye."

"Na baba yuko chini yake."

"Huenda. Kama kuna kilichobaki."

"Jiwe waliliondoa kwa sababu hakuna aliyelipa?"

"Ndiyo."

"Ilikuwa kiasi gani?"

Sikuwa nimewahi kujiuliza. Nilimtajia makadirio niliyopewa na rafiki yangu ya bei za siku hizi, nikayageuza kuwa shilingi. Bibi akapiga hesabu kichwani, na kwa namna alivyotazama zizini nilijua anahesabu kwa ng'ombe.

"Tungelipa," alisema.

Mjomba alikuwa amekuja kusimama mlangoni. Hakusema neno.

Bibi aliniagiza nilete Biblia yake, ile yenye kurasa tupu mbele ambazo ameandika vizazi na vifo vyote vya nyumba yake tangu aolewe. Akaniambia niandike mimi, kwa kuwa mkono wake siku hizi unatetemeka. Nikauliza jina aliandike vipi, la kwetu au la kwenye vyeti. La kwenye vyeti, akasema, lisome nisikie. Nikalisoma nilivyojifunza kutoka kwenye video, kwa lafudhi yangu bora kabisa ya Kijerumani, na hiyo *r* ya kooni.

"Hapana," alisema bibi.

"Ndivyo wanavyotamka, bibi. Nimewasikiliza."

"Hao uliowasikiliza si yeye." Akaweka ungo chini, akalitamka mwenyewe, pole pole, kwa sauti nzito ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Halikuwa jina la kwetu lile lenye irabu, wala la video. *R* ilikuwa ya mbele, ya ulimini, ikaviringika. Silabi ya mwisho ilikuwa karibu imezwe. "Alikuwa anajiita hivi, akigonga mlango usiku. Rudia."

Nikarudia.

"Bado. Rudia."